Zimwi Kwenye Kontena la Shule: Vitafunwa vya Halloween vya Mimea Tupu kwa Jiko la Mtwara

Ikifika katikati ya Oktoba, baadhi ya shule za mchepuo wa Kiingereza huwapa watoto barua ya kupeleka nyumbani: tarehe 31 waje wamevaa mavazi ya kutisha au ya kuchekesha, na kila mmoja abebe kitafunwa cha kula na wenzake. Huku Mtwara na Lindi shule za namna hiyo si nyingi, lakini barua ikishaingia kwenye begi la mwanao, shughuli ni yako. Wengi hukimbilia dukani kununua pipi za kuvutika na biskuti za pakiti. Mimi nasema subiri kidogo. Oktoba ndiyo korosho zinaanguka. Maboga yaliyovunwa pamoja na mahindi bado yamepangwa stoo na sokoni. Ufuta wa Lindi ulishatoka shambani kitambo, na nazi pwani hazitafutwi kwa tochi. Kwa vitu hivyo tu unapata kontena zima la chakula cha Halloween lisilo na yai, maziwa wala samli, na mtoto asihisi kwamba kanyimwa kitu.

Kwa nini mimea tupu? Kwa sababu chakula chenyewe ni cha kugawana. Darasa moja la mjini Mtwara lina Waislamu, Wakatoliki, Wasabato, pengine na mtoto wa Kihindu asiyekula yai, na hakosekani mmoja ambaye maziwa yanamharisha. Pipi nyingi za kuvutika zina jelatini, ambayo hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe, na lebo nyingi hazisemi ni mnyama gani. Mwalimu hawezi kukaa mlangoni akisoma lebo za watoto arobaini. Andazi la boga na nazi halimletei mtu swali.

Kuhusu sherehe yenyewe, mzazi anayeulizwa na mwanawe ajue haya machache. Halloween ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote ya tarehe 1 Novemba, ileile ambayo Wakatoliki wa Ndanda na kwingineko huisali kabla ya ile ya Marehemu Wote tarehe 2. Mila ya sura za kutisha ilitoka Ayalandi na Uskoti, ambako watu walichonga tanipu, mzizi mgumu wa bustanini, wakatia taa ndani. Walipohamia Marekani wakakuta maboga, ambayo ni makubwa zaidi na hayachoshi mkono kuyachonga. Mzazi asiyelipenda jina la Halloween aite Siku ya Maboga. Watoto wataenda na shangwe ileile.

Chagua vitisho vya nyumbani

Kabla ya kuwasha moto, amua sura. Hapa nina msimamo: mchawi simtii kwenye kontena. Katika nchi yetu wapo bibi wazee walioumizwa, hata kuuawa, kwa kuitwa hivyo, na sioni utani wa kumpa mtoto wa darasa la pili. Lipiko, kinyago cha ngoma ya Wamakonde, nalo liache. Mtoto aliyekulia Newala au Tandahimba anajua kukimbia ngoma ya mapiko huku anacheka, lakini kinyago kile kina uhusiano na jando na kina wenyewe. Hakichorwi kwenye andazi na mtu asiyewauliza wazee.

Tunabaki na wengi. Zimwi la hadithi za bibi ndilo mfalme wao, na unaweza kumwandikia mtoto juu ya kifuniko: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Buibui, popo na paka mweusi hawana shida. Bundi inategemea nyumba. Wapo mabibi ambao hata kumtaja usiku hawataki.

Ununuzi, na mambo ya kuangalia

Boga liwe na kikonyo kikavu na ganda ambalo ukucha hauingii, na ukilinyanyua lilemee mkono. Boga lililokaa stoo tangu mavuno ni bora kwa kazi hii kuliko changa, kwa sababu nyama yake ni kavu na tamu zaidi. Ukikuta yaliyopo ni ya majimaji, chukua viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vile vinavyoitwa viazi lishe, na mapishi hayabadiliki.

Nazi iwe imekomaa. Itikise usikie maji yanacheza ndani, kisha kagua macho yake yasiwe na unyevu wala ukungu.

Korosho nunua zilizobanguliwa tayari. Najua katika nyumba nyingi za kusini kuna gunia uani na watoto wanataka kuchoma wenyewe. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na moshi wake unawasha macho na koo; hiyo ni kazi ya mtu mzima aliyezoea, tena siku nyingine. Kwa vidole vya zimwi vilivyo hapa chini unahitaji korosho zilizopasuka nusu kwa urefu, ambazo huuzwa rahisi kuliko nzima. Ukiamua kutumia karanga mahali popote, zichambue moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupe, maana sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haimalizwi kwa kukaanga.

Dukani soma lebo ya majarini, kwa sababu baadhi zina unga wa maziwa au sehemu zake. Mafuta ya nazi au ya alizeti yanakuepusha na shaka hiyo. Rangi nyekundu ya chakula iliyoandikwa E120 inatokana na wadudu. Asali ni ya nyuki, kwa hiyo wanaoshika mimea tupu kikamilifu hawaili. Hamira haina tatizo.

Halafu muulize mwalimu swali moja kabla ya kununua chochote: je, darasani yupo mtoto anayedhurika na korosho, karanga au ufuta? Kwa watu wa kusini swali hili linasikika geni, kwani korosho kwetu ni maisha, lakini mzio wa korosho upo na unaweza kuwa mkali sana. Jibu likiwa ndiyo, pika boga na bagia, na kucha za zimwi ziwe za mbegu za boga zilizomenywa.

Maandazi ya boga

Hiki ndicho kiini cha kontena. Ukikosa muda wa mengine yote, pika haya peke yake. Kipimo hiki kinatoa maandazi madogo kama 20.

Unga wa ngano vikombe 4 (nusu kilo), na mwingine kidogo wa kunyunyiza kibaoni
Boga lililopikwa na kupondwa, kikombe 1
Sukari nusu kikombe
Hamira ya chenga vijiko 2 vya chai
Tui zito nusu kikombe
Mafuta vijiko 2 vya chakula
Iliki iliyotwangwa nusu kijiko cha chai
Chumvi nusu kijiko cha chai
Manjano robo kijiko cha chai, kama boga lako halina rangi
Tende chache za vikonyo

Anza na boga. Usilichemshe ndani ya maji, litakunywa na donge lako halitashikika. Likate vipande pamoja na ganda lake, toa mbegu (ziweke, tutazihitaji), panga vipande kwenye chujio la bati juu ya sufuria yenye maji kidogo, funika, acha mvuke ufanye kazi kwa dakika 20 hivi. Kwangua nyama, iponde mpaka ilainike, kisha irudishe kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo na uikoroge kwa mwiko mpaka iache kutoa maji na ianze kujikusanya. Hatua hii ya kukausha wengi huiruka. Ndiyo inayotofautisha andazi lenye rangi ya chungwa na andazi bichi katikati.

Acha boga lipoe kabisa. Boga la moto linaua hamira.

Wakati linapoa, ikune nazi kwenye mbuzi na ukamue tui la kwanza kwa maji ya vuguvugu kidogo sana, yasiyozidi nusu kikombe. Tui la pili lisiingie hapa. Litie kwenye mchicha wa jioni. Machicha pia yahifadhi.

Changanya unga, sukari, hamira, chumvi, iliki na manjano. Tia mafuta, usugue kwa vidole. Ongeza boga lote, changanya, ndipo uanze kutia tui kijiko kwa kijiko. Sikupi kipimo cha mwisho cha tui kwa sababu kila boga lina maji yake. Simama pale donge linapoacha bakuli safi na bado ni laini kuliko la chapati. Likinata sana mkononi ongeza unga, lakini taratibu, kwani dakika chache za kukanda mara nyingi huondoa kunata kwenyewe. Kanda kwa dakika 10.

Paka mafuta, funika kwa kitambaa kibichi, acha liumuke. Kwa joto la Oktoba huku pwani saa moja inatosha. Walio juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako jioni kuna ubaridi, wasubiri zaidi. Likiongezeka maradufu liko tayari. Ukiliacha mpaka linuke uchachu, sura haitasimama.

Sasa kuunda. Kata madonge ya ukubwa wa limau, yaviringe, kisha yabonyeze kidogo kwa kiganja. Chukua kisu kilichochovywa kwenye unga na ukate mikato 8 kuanzia ukingoni kuelekea katikati, bila kufika katikati. Acha eneo la ukubwa wa kidole gumba likiwa zima. Bonyeza hapohapo katikati kwa kidole. Likiumuka tena, vipande vile vinavimba na kupata mabonde ya boga. Wapo wanaofunga donge kwa uzi wa pamba mara nne ili lipate mistari. Linapendeza zaidi, sikatai, ila uzi mmoja uliosahaulika ndani ya kitafunwa cha mtoto haufai hatari yake.

Yapumzishe dakika 15 kabla ya moto.

Unaweza kuyakaanga au kuyaoka. Ya kukaanga yanataka moto wa chini kuliko maandazi ya kawaida, kwa sababu boga na sukari vinaunguza nje haraka. Dondosha kipande kidogo cha donge kwenye karai: kikizama kisha kikapanda polepole na mapovu madogo, mafuta yako sawa. Kikiruka juu papo hapo, punguza moto. Geuza mara moja tu.

Kwa shule mimi huoka. Sura inabaki ilivyokatwa, na mafuta hayavuji kwenye madaftari. Mwenye oveni aweke nyuzi 180 kwa dakika 18 hadi 20. Asiye nayo atumie moto wa juu na chini: sufuria nzito iliyopakwa mafuta, makaa machache chini, mengi zaidi juu ya mfuniko wa bati. Kosa la kawaida ni makaa mengi chini, na kitako cha andazi kinakuwa cheusi kabla ya juu kubadilika rangi. Funua baada ya dakika 15 uangalie. Yakishaiva yapake tui kidogo lenye sukari yakiwa bado moto, yang'ae.

Yakipoa, toboa tundu katikati kwa kijiti na uchomeke kipande chembamba cha tende kiwe kikonyo. Kwa macho na meno, saga sukari iwe unga laini, changanya vijiko 3 vya chakula na kijiko 1 cha kakao isiyo na maziwa, tia maji matone machache mpaka uwe uji mzito, chora kwa kijiti cha meno. Unakauka wenyewe. Chokoleti ya kuyeyusha usijaribu. Kwenye joto letu itakuwa kwenye shati kabla ya kengele ya kwanza.

Vidole vya zimwi

Hivi ni ndugu wa vileja. Vileja vya asili ni vya unga wa mchele na samli, vinayeyuka mdomoni lakini pia vinakuwa vumbi begini, kwa hiyo hapa unga wa ngano unashika usukani.

Chukua unga wa ngano kikombe 1 na nusu, unga wa mchele nusu kikombe, sukari ya kusaga nusu kikombe, iliki kidogo, chumvi ya kuonja. Tia mafuta ya nazi nusu kikombe, changanya kwa vidole mpaka ukibana mkononi ushikane, kisha ongeza tui zito vijiko 2 au 3 vya chakula, si zaidi.

Jambo moja kuhusu mafuta ya nazi: huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na mchana wa Oktoba Mtwara haishuki huko. Yatakuwa maji, na donge litataka kutambaa kwenye trei. Mwenye friji aliweke donge ndani kwa nusu saa. Asiye na friji aongeze unga wa mchele kijiko kimoja au viwili, na aunde vidole vyembamba kuliko anavyotaka viwe, kwani vitanenepa motoni.

Viringisha vidole vya urefu wa kidole cha mtu mzima. Bana kidogo sehemu mbili ili zionekane fundo, na chora mikunjo mitatu juu ya kila fundo kwa mgongo wa kisu. Mwishoni bonyeza nusu korosho. Korosho imepinda yenyewe, na ikipasuliwa kwa urefu ni kucha kamili; Wazungu hutumia lozi kwa kazi hii na, kusema kweli, lozi haifikii. Ukitaka kucha nyekundu, loweka korosho kwa dakika chache kwenye maji ya bitiruti iliyokunwa, ukaushe kabla ya kubandika.

Oka nyuzi 170 kwa dakika 18 hivi, au kwa moto wa juu na chini mpaka ukingo uanze kugeuka hudhurungi. Usiviguse vikiwa moto, vitavunjika, vikipoa vinakaza. Vinakaa siku kadhaa kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, kwa hiyo vipike mapema.

Watoto wa chini ya miaka 5 usiwape korosho nzima wala nusu, wanaweza kupaliwa. Kwao chora ukucha kwa ule uji wa sukari, na ukitaka ladha ya korosho isage kabisa uchanganye kwenye donge.

Buibui wa bagia

Kontena lenye tamu tupu linachosha. Bagia za kunde zinaleta chumvi na kushibisha, na kunde zenyewe zinakuja na macho yake.

Loweka kunde kikombe 1 na nusu usiku kucha, zile nyeupe zenye doa jeusi. Asubuhi tenga konzi moja isiyomenywa, kisha nyingine zisugue ndani ya maji, maganda yaelee uyamwage. Ile konzi uliyotenga ichemshe pembeni hadi iive bila kupasuka. Hayo ni macho. Zilizomenywa saga na kitunguu maji, punje mbili za saumu, kipande cha tangawizi na majani ya giligilani, kwa maji machache iwezekanavyo. Tia chumvi, halafu piga rojo kwa mkono, upande mmoja, kwa dakika tano. Hakuna hamira wala yai hapa, ni hewa tu inayoinua bagia. Dondosha tone kwenye kikombe cha maji: likielea, acha kupiga, likizama, endelea.

Kaanga madonge ya kijiko kwa moto wa wastani mpaka yakauke na yaive ndani. Pasua moja uone. Yakipoa, kata vijishimo viwili na upachike kunde mbili zilizochemshwa. Usizikaange zikiwa juu ya bagia, hupasuka na kuruka na mafuta.

Miguu ni ya muhogo. Uwe muhogo mtamu, ule unaotafunwa mbichi, unaojulikana umetoka shamba gani. Muhogo mchungu una sumu ya sayanaidi na una njia zake za kuloweka na kukausha. Hauingii katika chakula cha haraka cha mtoto. Menya, toa mzizi wa katikati, kata vijiti vyembamba, vichemshe kidogo sufuria ikiwa wazi, mwaga maji, vikaushe kwa kitambaa, kisha ukaange mpaka vikauke.

Usiviunganishe nyumbani. Toboa mashimo ubavuni mwa bagia, manne kila upande, na funga miguu peke yake kwenye karatasi. Mtoto atamuunda buibui wake shuleni mbele ya wenzake, na miguu haitalegea kwa mvuke. Hesabu iwe minane kamili kwa kila buibui, maana darasa la tatu watahesabu.

Vya haraka, kwa aliyeletewa barua usiku

Ndizi mbivu isiyo na madoa. Jioni ya kuamkia siku yenyewe, chora sura ya zimwi kwenye ganda kwa ncha ya kijiti cha meno, ukikwaruza juu tu bila kufika ndani. Mistari haionekani mwanzoni. Asubuhi imekuwa kahawia iliyokolea. Ndizi haijamenywa, haijachafuka, na gharama ni ndizi yenyewe.

Mbegu za boga ulizotenga: zioshe utelezi uishe, zianike zikauke, zikaange kwenye sufuria kavu na chumvi mpaka zianze kudata. Ziite meno ya zimwi. Wadogo wamenyewe maganda.

Kashata ya ufuta hukatwa popo kwa urahisi. Kaanga ufuta kikombe 1 na nusu mpaka unukie, weka kando. Yeyusha sukari kikombe 1 na vijiko 2 vya maji na matone ya limau, moto mdogo, mpaka iwe rangi ya chai ya rangi. Mimina ufuta, koroga haraka, tandaza kwenye trei iliyopakwa mafuta. Kata pembetatu ikiwa bado laini. Pembetatu mbili na tende katikati ni popo. Sukari ikiwa katika hali hiyo inaunguza kuliko maji yanayochemka, basi watoto wawe nje ya jiko. Na kwa kuwa hewa ya bahari inailowesha, kila kipande kivikwe karatasi yake.

Bibo, tunda la mkorosho, hapana. Najua ni msimu, yamejaa chini ya mikorosho, mekundu na ya njano, na yanaonekana ya sherehe kweli. Lakini bibo likibonyezwa begini linavuja, maji yake yakigusa shati jeupe la shule doa halitoki, na yakikaa juani yanaanza safari ya kuwa uraka, pombe ya mabibo. Yaliwe nyumbani, mtoto akiwa kifua wazi.

Cha kunywa kiwe ukwaju. Loweka konzi moja kwenye maji ya moto lita 1, vuruga, chuja, tia sukari kidogo na tangawizi. Rangi yake ya tope ndiyo sifa: ni maji ya bwawani kwa zimwi. Chupa iwe na kizibo kisichovuja.

Ratiba na upakiaji

Vidole na kashata pika siku mbili kabla. Tarehe 30 mchana pika boga, ulikaushe; jioni oka maandazi, chora ndizi, loweka kunde. Alfajiri ya tarehe 31 inabaki bagia tu na kuchora sura za maandazi, kazi ambayo mtoto anaiweza akiwa ameshavaa ila bado hajafunga viatu. Ukwaju ulale kwenye friji, au uchemshe asubuhi hiyohiyo.

Kila kitu kipoe kabisa kabla ya kufunika. Kitafunwa cha uvuguvugu kikifungiwa kinatoa mvuke, andazi linalowa, na uharibifu unaanza hapo. Bagia ni ya mapumziko ya kwanza, yale ya saa nne asubuhi. Kama darasa linakula saa saba mchana, ziache nyumbani uongeze maandazi. Tui bichi au mchuzi wa nazi wa kuchovya usipeleke kabisa, nazi inachacha upesi kwenye joto. Chini ya kontena tandika karatasi safi, maandazi yakae chini, vidole juu yake vikitazama upande mmoja, bagia kwenye kikopo chao, miguu ya buibui pembeni.

Juu ya mfuniko bandika karatasi yenye majina ya vilivyomo, ukianza na korosho na ufuta. Mwalimu anayegawa apate kusoma bila kumuuliza mtoto.

Bagia zitakazorudi mchana zitupe. Maandazi yaliyobaki jikoni pasha kwa mvuke asubuhi ya tarehe 1, na yale machicha ya nazi uliyohifadhi yakaange na sukari na iliki uyapake ndani.